Mguu wa Tano

Kiganja changu cha kulia kina chapa. Kabla hujasema huyu mama amechanganyikiwa, njoo Nyabiyonza, uliza nyumba ya mwalimu wa kike, nami nitakufungulia mkono uone kwa macho yako. Sioni haya. Nimenawa kwa sabuni ya kipande, nimesugua kwa jivu, kwa ndimu, kwa mchanga wa mtoni mpaka ngozi ikatoa damu. Chapa ipo palepale. Ni mnyama mdogo, mrefu kama kidole gumba, ana kichwa cha korongo mwenye kishungi, pembe ndefu kama za ng'ombe wetu wa huku, tumbo kama chungu, na miguu mitano. Mitano. Hesabu mwenyewe.

Wapo waliosema nimejichora. Wengine wakasema nimechanjwa kwa mganga, eti nataka mume wangu asinitoroke. Mchungaji aliniambia nisali na nisiyaseme mbele za watu. Nimesali. Kunyamaza ndiko kulikonishinda, kwa sababu kila mwaka namwona mzazi au mwalimu mwingine anafanya kosa lilelile nililolifanya mimi, na anacheka huku akilifanya. Kwa hiyo nasema. Ukiamini, vizuri. Usipoamini, soma hadi mwisho hata hivyo, maana onyo langu halihitaji uamini mizimu.

Mimi ni Mhaya wa Muleba, nimeolewa huku Karagwe. Nilisoma mpaka darasa la kumi, jambo ambalo mama mkwe wangu alinisamehe polepole sana. "Msichana aliyekaa shule miaka yote hiyo," alikuwa akiwaambia majirani nami nipo, "ndizi alijifunzia wapi kuzimenya? Ubaoni?" Katika shule hiyo kulikuwa na bibi mmoja Mzungu wa misheni aliyetufundisha kuchonga picha kwenye mti na kuzipiga chapa kwenye karatasi. Wenzangu waliona ni mchezo. Mimi niliona ni ajabu, na nilipopewa kazi ya kufundisha watoto wadogo kwenye shule yetu ya kijijini, nikasema lazima na hawa waijue.

Vifaa hatukuwa navyo. Nitakueleza tulivyofanya, maana bila kujua kazi yenyewe hutaelewa kilichonipata. Mti tuliotumia ni muhumula, ni laini, haumsumbui mtoto. Kisu chetu kilikuwa ubavu wa mwavuli mbovu. Umewahi kuutazama ubavu wa mwavuli? Una mfereji katikati. Ukiunoa ncha juu ya jiwe, unachota mti kama kijiko kinavyochota uji mzito. Wino tulichanganya masizi ya chungu na mafuta ya nyonyo, na utomvu kidogo wa mgomba ili ushike. Karatasi tulikata mifuko ya sukari. Mtoto anachora kwenye kibao, anachonga pembeni mwa mchoro, anapaka wino kwa kitambaa kilichoviringwa, analaza karatasi juu yake, anasugua kwa mgongo wa kijiko, anabandua. Mayowe yake wakati anabandua, nakuambia, hakuna wimbo unaoyafikia.

Sasa sikiliza mambo mawili. La kwanza: unachokiondoa hakitokei. Kinachobaki juu ndicho kinachoshika wino. Daftari lina kifutio, kibao hakina. Ukishakata, umekata. La pili: picha inageuka. Mnyama anayetazama kushoto kwenye mti, kwenye karatasi atatazama kulia.

Watoto niliwaambia, "Leo tunachonga mnyama ambaye hakuna mtu amewahi kumwona." Wakanitazama kama nimewaambia wale chaki. Kisha mmoja akasema, "Hata wewe mwalimu?" Nikasema hata mimi. Basi darasa likalipuka. Tulipata kuku aliyevaa suruali. Tulipata nyoka mwenye matiti. Tulipata kiboko mwenye miwani, na kila mtu alijua ile miwani ni ya mwalimu mkuu, ila hakuna aliyethubutu kusema.

Na binti yangu Koku akachonga Kamaguru.

Koku alikuwa na miaka sita. Hakuwa ameandikishwa bado, nilikwenda naye kwa sababu nyumbani alikuwa anabishana na bibi yake kutwa nzima. Alikaa chini ya meza yangu na kibao chake. Alikuwa na tabia moja: kila akichonga, alipuliza vumbi la mti mara mbili. Pfu, pfu. Si mara moja, si tatu. Alimwita mnyama wake Kamaguru, kwa lugha ya nyumbani ni kama kusema mwenye vijiguu, na vijiguu vyenyewe vilikuwa vitano.

"Huu wa tano wa nini?" nilimuuliza.

"Wa kurudia nyumbani," alisema, bila kuniangalia. "Ile minne anaendea. Akichoka anautumia huu."

"Na ukivunjika?"

"Mama!" Alinikazia macho kama nimetukana. "Atalala wapi sasa?"

Alipopiga chapa ya kwanza, aliiweka karatasi kando ya kibao akavitazama vyote viwili muda mrefu. Darasa letu lina dirisha moja. Ukikaa pale alipokaa, kushoto kwako ni barabara ya kwenda Isingiro, kulia ni kibanja chetu, unaiona migomba yenyewe. Kwenye kibao Kamaguru alitazama kushoto. Kwenye karatasi alitazama kulia. Koku akacheka. "Mama, ona. Kwenye mti anaondoka, kwenye karatasi anarudi." Mtoto wa miaka sita! Mimi nilihitaji darasa la kumi kulielewa hilo, na hata hivyo sikuwa nimelielewa.

Wakati huo picha ukutani ilikuwa bado ya Mfalme wa Uingereza. Tukaletewa habari kwamba mkaguzi wa shule anakuja. Mwalimu mkuu akaamuru tubandike kazi za watoto ukutani, zilizo safi tu. Akapita na miwani yake. Kuku wa suruali akapita salama. Kwa Kamaguru akasimama.

"Mwalimu, huyu ana miguu mitano."

"Ndiyo, ni mnyama wa kubuni."

"Mkaguzi atasema shule hii haijui kuhesabu. Mtengeneze."

Ningeweza kukataa. Nataka ulijue hilo, kwa sababu nimesikia watu wakinitetea, eti niliamriwa. Sikufungwa kamba. Ningeweza kusema hii kazi ni ya mtoto, mimi siigusi, na angefanya nini? Angenung'unika. Lakini nilitaka kazi ya binti yangu ionekane na mkaguzi. Nilitaka kusifiwa. Nikachukua ubavu wa mwavuli, nikaukata ule mguu. Mara mbili tu, chwa, chwa, ukaruka chini ya meza. Nilipoinua macho Koku alikuwa mlangoni na kata ya maji.

Hakulia. Laiti angelia! Aliweka kata chini, akaingia chini ya meza, akatambaa huko akipapasa sakafu. Nilidhani anafagia vumbi. Nikamwambia, "Acha, nitafagia mimi. Kesho utachonga mwingine mzuri zaidi."

Akasema, "Na huyu atarudi vipi?"

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia mwanangu. Usidhani nazidisha. Kwa bibi yake aliongea, kwa baba yake aliongea, hata kwa mbuzi. Kwangu mimi, hakuna. Nami kwa kiburi changu nikasema moyoni, atachoka mwenyewe, huyu ni mtoto. Siku tisa. Kisha homa ikamshika.

Homa ilikaa siku tatu. Zahanati ilikuwa mbali na mvua ilikuwa imeikata njia ya bondeni. Katika siku hizo tatu nilikaa kando ya mkeka wake, nikimnyooshea mkono nishike wake, naye alikunja ngumi akageukia ukuta. Kila mara. Nikinyoosha, anakunja. Mnaozaa mnanielewa? Mtoto anaungua kama jiko na hataki mkono wako. Alfajiri ya siku ya nne baba yake alimfunga mgongoni, akaingia matopeni kujaribu kuvuka. Jua lilipopanda nilimwona anarudi, bado amembeba, na kwa namna alivyotembea nikajua.

Tulipomwosha, ngumi ya kulia haikufunguka. Nilijaribu. Mama mkwe akanishika kifundo cha mkono, bila ukali. "Acha, mwanangu. Alichoshika ni chake." Tukamzika kibanjani nyuma ya nyumba, chini ya migomba, na ngumi yake imefungwa. Mume wangu ndiye aliyeshuka kaburini kumlaza.

Mkaguzi alikuja wiki iliyofuata. Alikunywa chai, akakagua choo, akaondoka. Ukuta hakuutazama.

Watu walikuja wakaniambia Mungu amempenda zaidi. Nilitaka kuwapiga. Kuna mmoja, mke wa katekista, aliniambia nimshukuru Mungu kwa kuwa alikuwa wa kike tu, nitapata wa kiume. Huyo nilimfukuza mlangoni na punje za kahawa ya kutafuna bado ziko mdomoni mwake. Sikumwomba radhi na simwombi hata leo.

Kile kibao sikuweza kukiweka nyumbani, na kukichoma sikuweza. Nikakiweka darasani, kwenye droo ya meza yangu, chini kabisa. Niliendelea kufundisha chapa kwa sababu ilikuwa kazi, ila wanyama wa kubuni nilipiga marufuku. Tulichonga jani. Tulichonga jembe, kikombe, kinu. Vitu vilivyopo, vyenye idadi kamili ya kila kitu. Watoto walivichonga vizuri na hakuna aliyepiga mayowe. Miaka minne ikapita. Mwalimu mkuu alihamishwa. Ukutani wakaweka picha ya Malkia. Nikazaa mtoto wa kiume, Mugisha.

Sasa nafika penyewe.

Ilikuwa alasiri, msimu wa mvua za masika, ukungu umeshuka mpaka huoni barabara. Watoto walikuwa wameondoka. Mugisha nilimwacha kwa bibi yake. Nilikuwa nasugua meza ili nifunge mlango niende, nikasikia mtu anasema, "Shikamoo, mwalimu."

Msichana alisimama mlangoni. Nilimkadiria miaka kumi. Gauni la kaniki, miguu mitupu, mkono wa kulia kaukunja kifuani. Si mwanafunzi wangu, na watoto wote wa upande huu nawajua kwa majina na kwa makosa yao.

"Marahaba. Wewe wa nani? Umetoka Nyakasimbi?"

Akatikisa kichwa. "Nimeleta kitu kitengenezwe."

"Shule imefungwa. Kitu gani?"

"Unacho wewe. Kimo kwenye droo."

Niamini nikikuambia kwamba wakati huo sikuogopa. Nilikasirika. Nilidhani ni mtoto mtukutu ametumwa na watu wazima wasio na adabu, waje wanichokonoe kidonda. Nikamwendea nimkamate sikio. "Nani amekutuma? Sema!"

Akafungua ngumi.

Kwenye kiganja chake kulikuwa na kipande cha mti, kidogo kama punje ya haragwe lakini kirefu, upande mmoja mweusi wa wino wa zamani. Kilikuwa na udongo mwekundu. Nilikijua kabla sijakigusa. Mtu akikata kitu kwa mkono wake mwenyewe anaijua alama ya kisu chake. Mikato miwili. Chwa, chwa.

Je, wewe ungekimbia? Kila ninayemsimulia anasema angekimbia. Mimi sikukimbia. Niliketi kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yananifika kifuani. Nikamtazama usoni. Usiniulize kama alikuwa Koku. Uso wa Koku niliujua una miaka sita, na huyu alikuwa na kumi, uso mrefu, mkavu, macho ya mtu aliyetembea sana. Koku angekuwa na miaka kumi mwaka ule. Nakupa nilichokiona, hesabu fanya mwenyewe.

"Mwalimu," akasema. "Gundi unayo?"

"Ninayo ya mtoma," nikasema.

"Basi toa. Ulikata wewe, utatengeneza wewe."

Nikafungua droo. Kibao kilikuwa na vumbi. Nilikilaza juu ya meza, Kamaguru akatazama kushoto na miguu yake minne, na pale pa mguu wa tano pana shimo langu. Nikasafisha shimo kwa ncha ya ubavu wa mwavuli, nikatia utomvu wa mtoma, huwa unanata kuliko gundi ya dukani. Nikampa mkono anipe kile kipande. Hakunipa. Alikiweka mwenyewe, kwa vidole vyake, akakibonyeza. Kisha akainama akapuliza vumbi.

Pfu, pfu.

Hapo nilijiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Kipande hakikukaa sawa. Mti ukikaa miaka minne hunywea, na huu ulikuwa umelala udongoni. Ulisimama mshazari, ukachomoza juu kidogo kuliko miguu mingine. Na mimi, Mungu anisamehe, mimi mwalimu, mkono wangu ulikuwa tayari umeshika ubavu wa mwavuli na unakwenda kuusawazisha. Hata pale! Hata mbele ya jambo kama lile, mkono ulitaka kurekebisha.

Akanipiga juu ya vidole. Kofi la kitoto, kali. "Usiguse."

"Utatoka mbaya kwenye karatasi," nikasema.

"Wa kwako?"

Nikaweka chini ubavu wa mwavuli.

"Si wangu," nikasema. Na nililia, sasa nakwambia bila aibu, nililia miaka minne yote kwa pamoja, na yule msichana alisimama akaningojea kama mtu anavyongojea mvua ipungue.

Kisha tukapiga chapa. Nilipaka wino, yeye akalaza karatasi. Nilimpa kijiko asugue. Kwa vile mguu ulichomoza, karatasi ilitaka kutoboka pale, akasugua taratibu, akizunguka. Alipobandua hakupiga mayowe. Alitazama tu. Kamaguru alikuwa pale, anatazama kulia, kwetu, na mguu wa tano ulitoka mweusi kuliko yote, mshazari, kama unakanyaga kwa nguvu.

Nilikuwa na swali moja. Ndilo nililolala nalo miaka minne. Mume wangu alikuwa ananiambia niliache, mtoto wa miaka sita hana kinyongo cha kwenda nacho ahera. Lakini nani alikuwa kando ya ule mkeka, yeye au mimi?

"Alikataa kunishika mkono," nikamwambia yule msichana. "Siku tatu. Nilinyoosha, akakunja ngumi. Alinichukia?"

Akaniangalia kama nimeuliza jambo la kijinga, vilevile kama Koku alivyoniangalia siku ile nilipomuuliza, na mguu ukivunjika.

"Mkono wake ulikuwa na kitu," akasema. "Angeufungua kingeanguka."

Akanishika mkono wa kulia. Wake ulikuwa wa baridi, una udongo, na ulikuwa wazi. Ndiyo, ulikuwa wazi, ulishika wangu, na haukujikunja. Akaifungua mikunjo ya vidole vyangu kimoja kimoja, akalaza ile karatasi yenye wino mbichi kwenye kiganja changu, akaibana kwa kiganja chake. Tulikaa hivyo. Sijui kwa muda gani. Najua tu kwamba nilihesabu vidole vyake.

Kisha akabandua karatasi, akaikunja mara moja, akatoka nayo kwenye ukungu. Hakuelekea barabarani. Alipita kulia, upande wa kibanja chetu.

Nilimkimbilia. Nilianguka mara mbili kwenye matope. Nyuma ya nyumba hapakuwa na mtu. Juu ya kaburi majani ya migomba tuliyotandaza yalikuwa yamelala vilevile, na mchwa walikuwa wameyajengea. Ukiyagusa tu majengo ya mchwa yanabomoka. Hayakubomoka.

Mume wangu alinikuta hapo nimekaa. Sikuweza kumweleza. Nilimwongoza mpaka darasani, nikamwonyesha kibao. Alikishika, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akaugusa ule mguu mshazari, wenye udongo kwenye maungio.

"Huu umeutoa wapi?"

"Umeletwa."

Ni mtu wa shamba, si mtu wa maneno. Alikaa kwenye dawati la mtoto. Baadaye ndipo aliponiambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia: kwamba siku ile kaburini, alipomlaza, aliishika ile ngumi mara ya mwisho, akasikia ndani yake kitu kigumu, kidogo, kama mbegu. Alidhani ni punje ya kahawa. Alisema moyoni, basi aende nayo, ya njiani.

Mama mkwe tulipomwambia hakushtuka. Aliendelea kumenya ndizi. "Si niliwaambia? Alichoshika kilikuwa chake. Amekileta mwenyewe alipokuwa tayari." Halafu akatazama kiganja changu, akasema, "Na huo wino hautoki, usijisumbue." Nilijisumbua hata hivyo. Alikuwa amesema kweli.

Miaka miwili imepita tangu siku ile. Yule msichana hajarudi. Nilimngoja kila ukungu uliposhuka, nikiacha mlango wa darasa wazi na gundi mezani. Siku hizi nafunga. Alikuja kwa ajili ya kile kibao, hakuja kukaa, na nimechoka kujidanganya. Mnyama amerudi nyumbani. Mwanangu yuko pale nyuma, chini ya migomba.

Watoto wangu wa shule sasa wanachonga wanachotaka. Nimerudisha wanyama wa kubuni wote, wenye vichwa vitatu, wasio na vichwa, na juzi mmoja amenichongea mwalimu mwenye mkia. Nilibandika ukutani. Siku ya kwanza ya somo nawaonyesha kiganja na kuwaambia, "Mnaona? Mkono huu uliwahi kugusa kazi isiyo yake." Wanafikiri ni mzaha. Wengine hawacheki.

Kwa hiyo wewe mzazi, wewe mwalimu, wewe mtu mzima unayejua idadi sahihi ya miguu, nakuonya, na sikuonyi kwa upole. Mtoto akikuletea alichokitengeneza, weka mikono yako nyuma. Usikinyooshe, usikipunguze ili kimpendeze mgeni atakayekunywa chai na kuondoka. Muulize ni cha nini. Na kama tayari umeshakata, kama mimi, basi usiseme kesho atachonga mwingine. Piga magoti siku hiyohiyo, ingia chini ya meza pamoja naye, mkitafute nyote wawili kile kipande. Mimi nilikuwa na siku tisa nzima za kufanya hivyo. Siku tisa! Wewe hujui unazo ngapi.

Jambo la mwisho. Ile karatasi ilikuwa inatazama kulia, na ilipobanwa kwenye kiganja changu picha iligeuka tena. Ndiyo kusema Kamaguru aliye mkononi mwangu anatazama kushoto, anaondoka. Nikiutazama mkono wangu namwona kila siku akienda zake barabara ya Isingiro. Ni haki yangu, niliitafuta mwenyewe. Lakini jioni Mugisha akisinzia, namwekea kiganja mgongoni, juu ya ngozi, nakibana kidogo kama anavyobana mtu anayepiga chapa. Sioni kitu pale chini. Najua tu kazi yetu inavyokwenda, kwamba kwa upande wa mtoto, anarudi.